Bata Aliyeachwa Ndani ya Ngome

Mke wangu alitengeneza meno ya watu kwa miaka ishirini na mbili. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kliniki ya meno: meza ndefu iliyofunikwa bati, jiko la kuchemshia, mashine ya kung'arishia iliyolia kama nyigu ndani ya kopo, na rafu tatu za taya za plasta. Kila taya ilikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Daktari alichukua alama ya kinywa cha mgonjwa kule mbele, na mke wangu huku nyuma akamimina plasta, akapanga meno kwenye nta, moja moja, akiwa amekunja uso kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano.

Meno yakishakaa mdomoni, mteja hakuruhusiwa kuondoka hivi hivi. Mke wangu alikuwa anamwambia, "Haya baba, hesabu kuanzia sitini." Mzee wa watu anaanza: sitini, sitini na moja. Akifika sitini na sita bila kupiga mluzi, basi amepona. Akipiga mluzi, meno yanarudi kwenye nta. Hata kwenye harusi alikuwa haangalii gauni la bibi harusi. Ananinong'oneza, "Bwana harusi anatafunia upande mmoja, umeona?" Mimi nilikuwa sijaona. Kazi yangu ni kusoma mita za maji; macho yangu yamezoea kuangalia chini.

Alifariki siku ya Jumatano, pale pale mezani kwake, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Daktari aliniambia nta ilikuwa bado laini. Wiki iliyofuata mwenye yale meno alikuja kuyaulizia, hajui kilichotokea, akaambiwa, akakaa kwenye benchi la kusubiria akalia na mdomo wake mtupu. Sikuwepo. Nilisimuliwa.

Mungu hakutujalia mtoto, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na mitano, nimezika wengi, na maneno ya kuwaambia wafiwa nayajua kwa moyo. Yote ni ya kweli. Nayasema kila asubuhi nikivaa viatu, kisha natoka na kofia yangu na daftari la mita, naenda kufunua mifuniko ya chuma kwenye nyua za watu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho nimekuwa nikimwomba Mungu nikijua kabisa hawezi kunipa: Jumamosi zake. Kila Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, kwa miaka saba, mke wangu alikuwa mahali ambapo mimi sikuwepo, akifurahi. Na sikuwepo kwa kosa langu mwenyewe.

Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa Karani, mzee aliyestaafu mahakamani. Wa pili Mfamasia, mwenye duka la dawa mkabala na kliniki. Wa tatu Mwalimu, mwanamke anayefundisha fizikia. Na mke wangu. Mchezo wao ni wa hadithi. Karani ndiye msimulizi: anawaambia mko mahali fulani, mbele yenu kuna hiki na kile. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake, na wanasema mtu wao anafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu linarushwa na linaamua. Mfamasia alikuwa askari. Mwalimu alikuwa mwizi. Mke wangu alikuwa mchawi.

Mwanzoni walicheza sebuleni kwetu. Mimi nilikaa chumbani na Biblia yangu, mlango umefungwa, nikisikia vicheko na vikombe. Nilidhani ni karata. Jumamosi ya sita ilikuwa haijafika bado nilipopokea simu ya Karani, yeye akidhani nalijua linalozungumzwa.

"Shemeji, hujambo? Mwambie mchawi Jumamosi asichelewe. Na asithubutu kuja bila bata wake, safari iliyopita nusura tufe wote!"

Nilirudisha simu kwa mikono miwili. Mtu mwingine angemuuliza mkewe. Mimi nilikwenda kwa Mama Kiongozi wa kikundi cha maombi, nikamwambia kwamba ndani ya nyumba yangu kuna mchawi na kuna bata. Tulifunga siku tatu. Jumamosi akaja na akina mama wawili, wakaingia sebuleni wakiimba. Mmoja akainama chini ya meza. Mwingine akafunua pazia.

"Yuko wapi?" akauliza Mama Kiongozi.

"Nani, mama?" akajibu Mwalimu.

"Bata!"

Mwalimu akachukua karatasi mezani, akampa kwa heshima. Palikuwa na bata amechorwa kwa penseli, na chini yake tarakimu moja. "Huyu hapa, mama. Hiyo moja ndiyo uhai wake wote. Tafadhali mumwombee polepole, akiguswa tu anakufa."

Mama Kiongozi aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Yaani huyu ndiye tumemfungia siku tatu?" Kisha akaangua kicheko mpaka akashika ubavu, akaomba chai, akauliza bata huyo analala wapi. Wale wenzake nao wakakaa. Nyumba nzima ilicheka siku ile, isipokuwa mimi niliyesimama mlangoni.

Mke wangu hakunigombeza. Alipokuwa akiosha vikombe alisema neno moja tu: "Ungeniuliza." Jumamosi iliyofuata alihamishia mchezo kazini kwake, kati ya taya za plasta. Mara kwa mara alikuwa ananiambia, "Njoo siku moja. Kaa tu, hata usicheze." Nami nikasema nitakuja. Mwanzoni sikwenda kwa sababu ya dhamiri. Baadaye nilikuwa sina tena wasiwasi na mchezo, nilikuwa naona aibu, na aibu ikishakaa miaka miwili inakuwa mazoea.

Miezi minne baada ya mazishi, wale watatu walikuja nyumbani. Walikaa kwenye viti vile vile. Mfamasia, ambaye ni mtu mkubwa wa mwili, alikaa kwenye ncha ya kochi kama mtoto wa shule.

"Shemeji," Karani akaanza, "tuna tatizo, na ni tatizo la kijinga. Ukitufukuza tutaelewa."

Alinieleza. Mchawi kwenye mchezo wao anaweza kuwa na mnyama mwandani. Akitaka, anaona kwa macho ya mnyama huyo na kusikia kwa masikio yake. Lakini kwa muda huo mwili wake mwenyewe unabaki kipofu na kiziwi pale ulipo, kwa hiyo lazima mwenzake amshike mkono. Jumamosi ile ya mwisho walikuwa nje ya lango la ngome. Mke wangu alimtuma bata apite kwenye mfereji, aingie ndani, ahesabu walinzi. Bata akaingia. Mke wangu akafumba macho. Na hapo simu yake ikalia, nikamwambia wageni wamefika nyumbani, arudi.

Niliikumbuka simu hiyo. Walikuwa wageni wa kanisani, na chai ningeweza kuwapikia mwenyewe.

"Akasema, 'Bata abaki humo humo, tutamkuta Jumamosi,'" Mwalimu alisema. "Akachukua mkoba akaondoka."

"Tangu hapo hatujacheza," Karani akasema. "Tunakutana, tunakaa, tunatazamana. Mchawi yuko langoni, macho yamefumbwa. Hatuwezi kumwacha, na hatuwezi kumsogeza. Kwa sheria zetu, mwenye mnyama ndiye anayeamua mnyama afanye nini. Alikuwa na daftari, jekundu. Labda aliandika alichokusudia. Tulitaka kujua, tumalize kama alivyotaka."

"Sijaliona," nikasema.

Ulikuwa uongo. Daftari lilikuwa chumbani, kwenye droo, pamoja na miwani yake. Nilikuwa silifungui. Nimemwomba Mungu msamaha kwa uongo ule, lakini sababu yake naijua. Nilipokuwa nawasikiliza, kitu kimoja kilikuwa kimenishika kifuani: kumbe kuna mahali mke wangu bado amekaa. Hajazikwa. Anamngoja bata. Watu hawa wamekuja kuniomba ruhusa wamalize.

Huenda Mfamasia aliona uso wangu. Alijaribu kugeuza mazungumzo, akayaharibu zaidi.

"Mimi nilimwambia toka siku ya kwanza achukue uchawi wa moto," alisema. "Kwenye kitabu cha mchezo ukurasa ni ule ule, nafasi ni ile ile: ama mnyama, ama moto. Watu wenye akili timamu wanachukua moto."

"Umeanza," Mwalimu akasema.

"Si naanza, namweleza shemeji. Mnyama ana uhai wa pointi moja. Kunguru akimpiga bawa, kwisha. Kumwita mwingine ni saa nzima ya kufukiza ubani, huku sisi tunashambuliwa. Na bata, jamani! Angechukua mwewe, tungeelewana. Bata anatembea vibaya, anaogelea kwa kelele, anaruka kama amelazimishwa."

"Yeye alisema anafanya vitu vitatu," Mwalimu akasema. "Wewe mtu wako anafanya kimoja."

"Lakini nakifanya vizuri!"

"Na pale darajani nani alikuokoa?"

"Bata hakuniokoa. Bata alipiga kelele, nikaamka."

"Sasa kuokolewa ni nini kingine?"

Karani alikuwa anatabasamu na kuangalia sakafu. "Mimi alinitesa," akasema. "Naketi wiki nzima nikitunga mtego, uzito wa mtu ukiukanyaga tu sakafu inafunguka. Anamtuma bata. Bata anapita juu yake anatikisa mkia. Kazi ya wiki nzima!"

"Hasara ya mnyama si huo uhai wake," Mfamasia aliendelea, sasa amesahau ncha ya kochi, amejaa kiti kizima. "Hasara ni kwamba kila akimtuma, tunapoteza watu wawili. Yeye haoni. Na mimi sipigani, kwa sababu namshika mkono. Miaka saba ya vita, shemeji, nimepigana kwa mkono mmoja."

Kisha akanitazama ghafla kwa hofu, kama aliyesema jambo la aibu mbele ya mume wa mtu.

Nilitaka waendelee. Nilikuwa kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji kwa kijiko. Nikauliza swali ili wasiondoke: "Kwani yeye alisemaje? Kwa nini hakutaka moto?"

"Nilimuuliza," Mwalimu akasema. "Alisema moto ukishautupa, umekwisha. Bata unamtuma, halafu una kitu cha kungojea. Alisema kazi yake yote ni kungojea plasta ikauke, na hakuna saa anayoipenda kama hiyo."

Walipoondoka nilifungua droo. Nilisoma daftari lote, jioni ile na jioni ya pili. Michoro ya mapango, majina ya milima isiyokuwepo, vipimo vya ngome kwa mwandiko ule ule aliotumia kuandika vipimo vya taya. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja: *Bata ndani. Walinzi?* Basi. Hakuacha neno lolote. Hakujua kama lilihitajika.

Nilikaa na hilo daftari wiki mbili. Mstari ule ningeweza kuuficha, na mchawi angebaki langoni siku zangu zote. Lakini nilikuwa najiona kila nikiingia barabara ile ya kliniki kusoma mita: navuka upande wa pili nisikutane na Mfamasia. Siku moja nikamwona dukani kwake, anampa mama mmoja dawa ya kikohozi. Alikuwa amekonda. Nikafahamu kwamba nimewafungia watu watatu pamoja na mke wangu nje ya lango, kwa sababu mimi sitaki kuwa peke yangu huko.

Jumamosi nilikwenda. Saa nane na robo nilifungua mlango wa nyuma wa kliniki, na harufu ya nta ikanipiga kabla sijaona mtu. Mwalimu alivuta kigoda kimoja kutoka ukutani, kirefu, chenye mto wa bluu, akakifuta vumbi la plasta. Nikakaa. Mezani palikuwa na madadu ya kila aina, yenye pande nne, nane, ishirini, na yote yalikuwa ya rangi ya waridi. Niliyatazama sana.

"Ni plastiki ya fizi za bandia," Karani akasema. "Aliyatengeneza kwa mabaki ya kazini. Yanapendelea namba ndogo kidogo, lakini tumeyazoea."

Niliweka daftari mezani. "Nilikuwa nalo," nikasema. "Niliwadanganya. Na ndani hakuna kitu."

Mwalimu aliusoma ule ukurasa wa mwisho, akampa Mfamasia, naye akampa Karani.

"Basi ni wewe, shemeji," Karani akasema. "Sisi hatuna haki hiyo. Bata afanye nini?"

"Kuna njia gani?"

"Aendelee kuhesabu walinzi. Au aitwe arudi."

"Na wakati yuko huko, yeye anasikia kitu hapa?"

"Hasikii, shemeji. Akiwa kwa bata, hapa hayupo."

"Na mkono?"

"Nimeushika," Mfamasia akasema kwa sauti ndogo. "Ukitaka tusubiri, mimi sina haraka. Naweza kukaa hata mwaka. Kwa kweli, shemeji, tunaweza tu kusubiri."

Huyu ndiye aliyempiga vita bata kwa miaka saba.

Nilifumba macho nikaomba, si kwa sauti. Kisha nikasema, "Mwiteni arudi."

"Lazima dadu," Karani akasema. "Mfereji una mlinzi. Kumi au zaidi, anatoka salama."

"Mimi sirushi dadu," nikasema. "Mnisamehe."

"Nitakurushia," Mwalimu akasema. Akalichukua lile lenye pande ishirini, akalitikisa kwenye viganja, akaliachia juu ya bati la meza. Lilipiga kelele kubwa kuliko nilivyotegemea. Likazunguka, likasimama.

"Nne," Karani akasema.

"Rusha tena," Mfamasia akasema.

"Haturudii."

"Leo tu, Karani."

"Yeye angekubali?"

Mke wangu alikuwa hampi mtu meno mpaka yafike sitini na sita. Hata mimi nisiyejua mchezo nilijua jibu.

Karani alivua miwani, akasimulia taratibu, kama anasoma hukumu asiyoipenda. Bata alifika mdomoni mwa mfereji. Mlinzi alikuwa ameinama kunawa uso. Bata angeweza kunyamaza, lakini ni bata. Akalia mara moja. Ikawa jiwe moja tu. Maji yakaendelea kupita.

Halafu akasema, "Mnyama akifa, mchawi anarudi kwenye mwili wake papo hapo. Mchawi anafungua macho." Akanigeukia. "Anawaona wenzake. Anasema nini?"

"Karani, mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kumsemea maiti. Kuwaita wafu ni dhambi."

"Hatumwiti yeye, shemeji. Yeye yuko kwa Mungu, na sote tunajua. Nauliza huyu wa kwenye karatasi. Amekaa nje miezi minne, amefungua macho, anawaona hawa wawili wamekaa naye kwenye umande. Wewe umeishi naye. Mtu wa namna hiyo atasema nini?"

Nilimtazama Mwalimu, na Mfamasia na mkono wake wa kushoto uliolala juu ya bati, vidole vimejikunja. Na maneno yakaja bila kuyatafuta, hata kwa mapozi yake, vile alivyokuwa akisema akinikuta nimemsubiri macho pima na chakula kimepoa.

"Anasema, 'Heh! Nyie bado mko hapa?'"

Mwalimu aliziba mdomo. Karani alirudisha miwani haraka. Mfamasia alicheka, kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta uso kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hakuuondoa mezani.

"Shemeji," akasema. "Sasa naweza kumwachia?"

"Mwachie, ndugu yangu," nikamwambia. "Asante kwa kumshika."

Akauondoa mkono. Nikasikia jiko la kuchemshia likipoa, kwani fundi mpya alikuwa amelitumia asubuhi. Kisha Karani akakohoa.

"Askari ana mikono miwili. Lango liko mbele yenu, na mlinzi ameshashtuka. Mnafanya nini?"

"Mwizi anapanda ukuta," akasema Mwalimu.

"Kupanda wapi? Mchana kweupe? Tungekuwa na moto hapa..."

"Usianze na moto!"

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Nikasogeza kigoda karibu na meza, nisikie vizuri.